Land Cruiser 80: nimefungua miguu ya mbele mwenyewe hapa nyumbani Kimara, wenye gari za zamani tukutane humu

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam, poleni na joto. Kuna watu humu niliwaahidi nikimaliza ile kazi ya gari ntaleta uzi kamili, sasa acha nishuke nao. Ni mrefu mnivumilie, maana mi nilivyokuwa natafuta haya maelezo kwa kiswahili sikuyapata popote nikawa naangalia video za Waaustralia usiku kucha mpaka bando linakata.

Gari ni Land Cruiser 80 ya 1994, injini 1HZ dizeli silinda 6 cc 4,164 haina tabo, gia ya mkono, four wheel yake ni ya muda wote yaani tairi za mbele zinavuta hata ukiwa lami. Bodi nzuri tu, injini inawaka asubuhi mara moja, ila chini ilikuwa haijaguswa kwa umakini miaka mingi sana. Nlikuwa nna mpango wa kuinyanyua, nifunge springi ndefu na tairi kubwa niwe naenda nayo Mloka na Saadani. Namshukuru Mungu sikuanza na hilo.

Tatizo lilianza hivi. Ndani ya tairi ya mbele kushoto, upande wa bodi, kulikuwa kunatoka uchafu mweusi mzito unarukia mpaka kwenye rimu. Fundi wa kwanza akafuta akajaza girisi, siku 10 ukarudi. Baadae nikikata kona kali kutoka getini nasikia ta-ta-ta-ta upande huo huo. Halafu kikaja kile kilichonitisha kabisa, nipo Morogoro Road maeneo ya Kibamba nipo kama 70 hivi nikapiga kiraka cha lami, usukani ukaanza kutikisika kulia kushoto kwa nguvu ambayo mikono haiwezi kuzuia, gari nzima inacheza, mke wangu na mtoto wamo ndani. Nikaachia mafuta taratibu mpaka 40 ikatulia. Nikapaki pembeni nikakaa kama dakika 20 sijaongea na mtu.

Fundi wa pili akasema shokapu ya usukani imekufa, tukabadilisha, wiki mbili ikawa nzuri. Wiki ya tatu ikarudi vile vile. Hapo ndo nikasema hapana, nataka kuelewa hii kitu mwenyewe kabla sijatoa hela nyingine.

Sasa naomba niwaeleze kwa lugha nyepesi. Hizi gari zenye ekseli moja nzima mbele, yaani ule mhimili mzito unaounganisha tairi mbili, ukichungulia nyuma ya tairi utaona mpira mkubwa wa chuma unaong'aa, na kuna nyumba imeuvaa ule mpira inageuka nao ukikata kona. Hiyo mafundi wanaita nako. Ndani yake kuna sivi joint, kile kiungo kinachozungusha tairi hata ikiwa imekata kona, inaogelea kwenye girisi nzito. Nyumba nzima inageukia kwenye beringi mbili ndogo, moja juu moja chini, beringi za kingpini, kwahiyo gari nzima zipo 4. Halafu ndani zaidi, kwenye mdomo wa bomba la ekseli, kuna sili inayozuia oili ya difu (lile boksi la gia kwenye ekseli) isiingie kwenye girisi.

Hiyo sili ikifa oili ya difu inaingia kwenye nako, girisi inalainika inakuwa kama mchuzi, mchuzi unapita kwenye sili kubwa ya nje unamwagika. Kwahiyo ukiongeza girisi unaongeza mchuzi tu. Na sivi joint iliyotakiwa kukaa kwenye girisi nzito sasa inaoga maji maji, inalika, ndo ta-ta-ta. Na beringi za kingpini zikilika, zile nyumba zinapata uhuru wa kucheza, ukipiga kiraka mtikisiko unaanza na haukati. Shokapu ya usukani inauficha tu. Yani malalamiko yangu yote matatu chanzo ni sehemu moja na hakuna fundi aliyeniambia hivyo.

Kipimo kimoja rahisi kila mtu akifanye leo. Nyanyua tairi moja ya mbele, shika juu na chini, sukuma vuta. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki huku we unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha breki ikikanyagwa, hiyo ni beringi ya tairi. Ukibaki pale pale angalia kingpini. Yangu ilibaki.

Naendelea chini na kazi yenyewe.

#2

Mkuu weka kiti tusome. Nna Prado ya zamani inatoa huo mchuzi miaka miwili, fundi ananiambia kawaida ya hizi gari.

#3 – Mleta uzi

@2 kuna kawaida na kuna ugonjwa. Ule mpira wa chuma ukiugusa ukakuta umepakwa girisi nyembamba kama mafuta ya kujipaka hiyo ni sawa, sili ya nje inafuta kila ukikata kona. Ila ikidondoka, ikirukia rimu, au ukinusa ukasikia ile harufu kali ya oili ya difu, hiyo sio kawaida mkuu usikubali.

Haya kazi. Kwanza usalama maana hapa sitaki mtu aumie. Gari hii ni zaidi ya tani 2. Usiingie chini ikiwa juu ya jeki peke yake hata dakika moja, na tafadhalini sana msitumie tofali za saruji. Tofali linabeba vizuri tu halafu linapasuka ghafla bila kukupa taarifa. Mi nilipata stendi mbili za chuma, nikazidishia magogo mazito ya mbao chini ya ekseli, tairi za nyuma nikazipiga kabari mbele na nyuma. Kabla sijaingia niliisukuma kwa bega kwa nguvu zangu zote, haikutikisika ndo nikaingia. Na sikai chini kama hakuna mtu mwingine nyumbani.

Spea nilizunguka Kariakoo na Shaurimoyo siku mbili. Sili zote, beringi za kingpini 4, beringi za tairi 4, gasketi, girisi ya molibdenamu makopo ya kutosha, oili ya difu 80W-90 GL-5, ya mbele haifiki lita 3. Kwenye beringi naomba msibane hela. Za kwangu za zamani zilikuwa Koyo zilizotoka na gari kiwandani, zimefanya kazi miaka yote hiyo. Za boksi linalofanana na orijino lakini maandishi yamefifia na ndani beringi inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, achana nazo hata muuzaji akuapie. Mi nlikuwa nazungusha kila moja dukani kabla ya kulipa, wengine walinuna.

Kuna spana moja bila hiyo hamna kazi, soketi ya 54. Nati ya habu ya mbele ni 54 na imekaa ndani. Mafundi wengi wanaipiga kwa patasi na nyundo. Nlivyofungua yangu meno yote ya nati yalikuwa yameliwa na patasi za miaka hiyo, ni huzuni. Nikiwa maeneo ya Gerezani hapa Dar nikaipata soketi.

Kushoto nilianza jumamosi asubuhi. Tairi, kalipa ya breki ukiitoa ifunge kwa waya kwenye springi usiiache inaning'inia kwa mpira wake. Kofia ya habu, nati zake, halafu kuna vile vipete vya koni vinavyobana stadi, hapo ndo watu wanakatia tamaa. Havitoki kwa kuvutwa. Unapiga nyundo kwenye flenji pembeni ya stadi, ule mshtuko unavirusha vyenyewe. Nilitumia kipande cha shaba nyeupe katikati ili nisiharibu stadi. Vitano vilitoka haraka, cha sita kilinipotezea saa nzima na majirani wakaja kuuliza kama nafukuza nyoka.

Kuvuta sivi joint na shafti yake nje ndo ukweli unaonekana. Mchuzi mweusi ulimwagika kama beseni zima. Nikafuta nikaangalia vikombe vya beringi za kingpini, aisee, kuna vidimbwi vimechimbika kwenye chuma sawasawa na nafasi za zile rola wakati usukani umenyooka. Ukiweka kucha inakwama. Maana yake gari ikienda moja kwa moja beringi imekaa kwenye mashimo, ukigeuza kidogo inapanda mlima. Ndo maana usukani wangu siku zote ulikuwa unakuwa mzito pale katikati na mi nikidhani ni pampu.

Vikombe vya zamani vinatolewa kwa kugonga kwa kipande cha shaba, pole pole, kulia kushoto. Vipya vinaingia hivyo hivyo mpaka mlio wa nyundo unabadilika kuwa mzito, hapo kimefika chini. Vile vibati vyembamba vya juu na chini msivichanganye jamani. Cha juu kushoto kinarudi juu kushoto. Mi niliviweka kwenye bahasha 4 nikaandika kwa peni. Hivyo ndo vinapanga nyumba ikae katikati ya shafti.

Nyumba ikirudi bila shafti na bila sili, unapima uzito wa kugeuka. Nilitumia ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki pale Feri, unaifunga kwenye tundu la tairodi unavuta polepole, inatakiwa iwe kati ya kilo 3 na 6 wakati inatembea. Yangu ilisoma 4 na nusu. Za zamani kabla sijafungua ilisoma chini ya 1. Hapo niliita watu waje waone, sikuweza kunyamaza.

#4

Hongera sana mkuu, hii ndo maana nzima ya jukwaa. Swali, sivi joint ulibadilisha? Maana orijino bei yake kama unanunua gari nyingine.

#5 – Mleta uzi

Hapana, na hii ni siri nzuri. Gari ikienda mbele sivi joint inalika upande mmoja wa njia za zile gololi. Ukiihamisha ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaja kushoto, gololi zinaanza kusukuma upande ambao haujalika. Kwenye 80 zinaingiliana, shafti ndo zinatofautiana urefu, moja ndefu moja fupi. Kuitoa kwenye shafti nilisimamisha bomba la chuma, nikaitumbukiza shafti ndani kichwa juu, nikawa naibamiza chini mpaka ule mdomo wa bomba ukaisukuma ikaachia. Hakuna nyundo iliyogusa shafti. Kelele imeisha kabisa. Kama njia zimechimbika vibaya au kuna ufa, hiyo haiponi nunua tu.

Sili ya ndani sasa, hii ndo iliyoleta msiba wote kwahiyo ipeni muda. Iingie imenyooka, mdomo wenye springi uangalie kwenye difu. Na wakati wa kurudisha shafti usiilaze juu ya sili. Shafti ni nzito na meno yake ni makali, ikilala kwenye mdomo wa sili mpya umeshaikata na gari haijawashwa. Mi nilimwita mdogo wangu, yeye anaubeba uzito mi naongoza kwa kidole mpaka meno yapite.

Nati za mkono wa usukani chini ya nako ni toki renchi nyutonimita 96, msikadirie, zile ndo zinashika tairi yako na usukani. Nati ya nje ya habu, ile ya soketi ya 54, ni nyutonimita 64.

#6

Vijana hamjambo. Nimeendesha hizi gari zilipokuja mpya kwenye mradi wa maji, Rufiji, Kilwa, Liwale. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunavuka kwa pantoni, na huko mbele kuelekea Somanga masika ilikuwa siku mbili tatu ndani ya tope.

Mleta uzi umefanya kazi safi lakini hujasema kwa nini ile sili ilikufa. Sili haifi hivi hivi. Angalia kipumulio cha difu. Difu ikichemka hewa ndani inatanuka, inatakiwa itoke kwenye kipumulio. Kikiziba, hewa inatafuta njia, inasukuma oili kwenye sili. Halafu ukiingia mtoni na difu ya moto, hewa inajikunja ghafla, inavuta maji kupitia sili hizo hizo. Sisi tulikuwa kila tukirudi safari tunaiacha gari ilale, asubuhi kabla haijawashwa unalegeza kidogo sana nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwemo yatatangulia kutoka. Ikitoka oili tupu unakaza unaendelea. Na siku zote legeza nati ya juu ya kujazia kwanza. Kuna dereva mwenzetu alimwaga oili yote kisha nati ya juu ikagoma kufunguka, gari ikalala porini siku 3.

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umegonga penyewe kabisa. Nilikuja kukigundua siku ya pili, mpira wake umepasuka na kile kikofia kimeganda tope gumu kama saruji, ukipuliza kwa mdomo hakipitishi kitu. Ile oili ya difu ya kwanza niliyomwaga ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikakumbuka mvua za masika nilivyopita Jangwani maji yapo juu ya vitovu vya rimu, nimetoka mjini na difu ina joto. Bila maelezo yako nisingeunganisha hivyo vitu viwili.

Nilichofanya, na hii ndo modifikesheni yangu ya kwanza kwenye hii gari na naiona ya maana kuliko springi zote. Nimetoa vile vikofia, nikafunga mpira wa mafuta wa milimita 8 kutoka kwenye difu ya mbele mpaka juu kabisa kwenye injini karibu na kioo. Ya nyuma imepanda mpaka nyuma ya taa, ndani ya bodi. Giaboksi na transfa nazo zimepanda mbele. Kila mwisho wa mpira nimechomeka filta ndogo ya petroli ya bodaboda, mdomo unaangalia chini vumbi lisiingie. Mpira wa ekseli uachie urefu wa kutosha maana ekseli inashuka na kupanda, ukiubana utachomoka siku ya kwanza ya makorongo.

#8

Marahaba mwanangu. Hiyo filta ya bodaboda tungekuwa nayo enzi zile. Umeniongezea kitu. Angalia na mkanda wa taimingi wa hiyo 1HZ, kila kilomita 100,000 lazima utoke. Wengi wanaamini kwa kuwa ni injini ya kazi basi haina mkanda. Ukikatika vavu na pistoni zinagongana.

#9

Habari kaka zangu. Mi nipo Kigamboni nna Suzuki Jimny JB43. Naona mnaongelea Land Cruiser tu lakini dalili zote za mleta uzi ni zangu, kwenye spidi ya 70, 80 usukani unatetemeka mpaka naogopa, nimebalansi tairi mara tatu nimelipa alaimenti mara mbili. Na chini kutu imeanza, naishi karibu na bahari na huwa naenda nayo mchangani. Je mambo yanafanana?

#10 – Mleta uzi

Dada karibu sana, na pole, naijua hiyo hofu. Yanafanana kabisa. Jimny hiyo nayo ina ekseli nzima mbele, nako na beringi za kingpini 4, tofauti ni udogo tu. Fanya kile kipimo cha kushika tairi juu na chini breki ikiwa imekanyagwa. Kama kunacheza usilipe balansi ya nne. Kagua na bushi za ile fimbo ndefu inayolala kutoka chesisi kwenda kwenye ekseli, ikilegea nayo inaleta mtetemo ule ule. Hizo anzia nazo, ni kazi ya asubuhi moja. Mpaka utengeneze, usipite 60 tafadhali.

#11

Dada wa Kigamboni kuhusu kutu, paka oili chafu chini yote, mi nafanya kila mwaka chuma hakiguswi.

#12 – Mleta uzi

@11 kwa heshima zote hapo naomba tupishane. Oili chafu inakula mpira. Bushi, mipira ya breki, zile kava za kuzuia vumbi za sivi joint kwa wenye gari ndogo, vyote vinavimba na kulainika. Na inashika mchanga, mchanga wa baharini una chumvi, kwahiyo umeibandika chumvi kwenye chuma kwa gundi.

Dada ukitoka mchangani siku hiyo hiyo, sio kesho, osha chini kwa maji baridi ya bomba, na mpira uuingize kwenye yale matundu ya chesisi maji yatoke upande wa pili. Chesisi inaoza kuanzia ndani. Ikikauka siku mbili juani ndo upulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya matundu hayo. Kwenye 80 kutu inapenda matao ya tairi za nyuma, mlango wa nyuma chini, na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Mi nimekuta kijitundu kwenye tao la kulia, tumekata kipande chote mpaka chuma safi tukachomelea bati jipya. Putty juu ya kutu hapana. Nimeona watu wanafanya halafu wanauza gari, mnunuzi anaenda kuingiza kidole kwake nyumbani.

#13

Mwenye Land Rover 110 naomba nichangie. Hizi zetu nazo zina ile mipira mbele, imepakwa kromu. Hewa ya bahari ikiila kromu inabanduka inaacha mashimo, mashimo yanakata sili. Ukibadilisha sili bila kubadilisha mpira unatupa hela, nilitupa mara mbili. Pitisha kucha kwenye mpira kabla hujaenda dukani.

#14

Mleta uzi tuje kwenye uzuri sasa. Mi yangu nataka inchi 4 juu na tairi za 35, na tabo kwenye hiyo hiyo 1HZ. Nipe mwongozo.

#15 – Mleta uzi

Mkuu nakuelewa maana mi ndo nilikuwa wewe miezi 6 iliyopita, picha ya gari ya ndoto ilikuwa kwenye simu yangu. Ntakwambia nilichojifunza.

80 ikiwa standadi kingpini zake zimelala nyuma kidogo, digrii 3 hivi, ndo zinazofanya usukani urudi katikati wenyewe. Kila inchi unayonyanyua unapoteza kama digrii moja. Inchi 2 unabaki na moja. Inchi 4 umeshavuka sifuri, gari inatangatanga barabarani kama ng'ombe wa kupotea, na hapo ndo mtikisiko wa Kibamba unazaliwa upya hata kama beringi ni mpya. Lazima ufunge bushi za kurekebisha pembe kwenye mikono ya ekseli, au mikono mipya kabisa. Mipira ya breki inakuwa mifupi, propela ya mbele inakaa pembe mbaya inaanza kutetema, fimbo ya kulala inasogeza ekseli pembeni. Watu wanauza springi peke yake, hawakwambii kwamba umenunua robo ya kazi.

Mi nimeamua inchi 2, springi na shokapu na bushi za pembe siku moja, sio kwa mafungu. Tairi natoka 275/70R16 naenda 285/75R16. Piga hesabu, kipenyo kinaongezeka kama milimita 42, asilimia 5 na kitu. Maana yake geji ikikuonyesha 80 we upo 84, traffic wa Chalinze hataki kusikia habari za tairi. Na gia zote zimekuwa ndefu, 1HZ ina hospawa kama 130 kuvuta gari hii nzito, mlima wa Kitonga utausikia. Tairi za 35 bila kubadilisha meno ya difu utakuwa unapanda kwa gia ya 2.

Tabo mimi kwenye hii injini sifungi. Inawezekana, wapo wanaofunga na zinatembea, lakini iliundwa bila tabo, inakandamiza 22 kwa 1, ina vile vyumba vidogo vya kuchomea kwenye silinda hedi. Fundi akiongeza tabo halafu akafungua pampu ya dizeli mpaka moshi mweusi ili usikie nguvu, joto la moshi linapanda na hedi inapasuka hapo. Kama lazima, funga geji ya joto la moshi kwanza kabla hata ya tabo yenyewe. Anayetaka nguvu atafute 80 yenye 1HD-T imetoka na tabo kiwandani, na akiipata akague beringi za konrodi maana zile za mwanzo zinalika mapema.

#16

Mkuu @15 umeniumiza ila nashukuru. Nimeenda kuchungulia zangu sa hivi na tochi ya simu, mchuzi upo pande zote mbili na vipumulio ni tope tupu. Springi zitasubiri.

#17 – Mleta uzi

Mrejesho wakuu. Upande wa kulia nilimaliza wikiendi iliyofuata, wa kwanza ulinichukua siku 2 wa pili nusu siku. Nimetembea kilomita 500 nikakaza tena nati zote za nako, mbili zilikubali robo mzunguko kwahiyo msiruke hatua hiyo. Nimeenda Mloka kupitia Kibiti na kurudi, ile barabara ya vumbi na makorongo mnaijua. Pale pale Kibamba nimepita na 80, kiraka kile kile, nikiwa peke yangu kwanza. Usukani haukushtuka hata kidogo. Jumapili iliyofuata nikampitisha mke wangu, alikuwa ameshika kishikio cha mlango kuanzia Mbezi, tulivyokipita akauliza ni hapa? nikamwambia tumeshapita. Akaachia.

Mipira ya chuma mikavu, ina ule upako mwembamba tu. Nililegeza nati ya chini ya difu kama mzee wetu @6 alivyofundisha, imetoka oili safi ya dhahabu.

#18

Kaka wa Jimny hapa, samahani, dada wa Jimny 😊. Kipimo nimefanya na mume wangu, breki imekanyagwa na tairi bado inacheza pande zote mbili. Nimeshapata beringi na sili za kwangu Kariakoo, nimezungusha kila moja kwa kidole kama ulivyosema. Tunaanza ijumaa. Stendi tumenunua, tofali tumeacha.

#19 – Mleta uzi

Safi sana dada. Vibati, bahasha 4, andika. Ukikwama piga picha weka humu kabla hujagonga kitu, wapo wengi watakujibu. Mizani ya samaki mimi ninayo. Kwenye Jimny vipimo ni vidogo kuliko vya 80 usitumie namba zangu, tafuta za kwake.

@16 soketi ya 54 ipo kwangu Kimara Temboni imekaa tu, na ile shaba nyeupe. Njoo PM nikuelekeze uichukue, ukimaliza mpe anayefuata humu kwenye uzi.